Kudisko: maana yake, na mwajiri anavyomwona aliyetoka chuo bila shahada

Kudisko ni kuondolewa chuoni kwa sababu matokeo yako yameshuka chini ya kiwango kinachoruhusu kuendelea. Kabla ya hapo mtu huwa ameshapitia sapu, yaani mtihani wa marudio, na mara nyingi amebeba somo hadi mwaka unaofuata. Ndipo barua inatoka.

Mtaani hapa Dodoma neno hilo limetanuka mno. Aliyekosa ada, aliyejifungua, aliyerudi Kondoa kumuuguza mama yake, wote husemwa "walidisko". Hilo linaniuma, maana ni mambo tofauti. Aliyeahirisha masomo ana barua ya chuo na nafasi yake inamsubiri. Aliyeacha ameondoka mwenyewe. Aliyedisko ameondolewa. Mwajiri akiambiwa neno moja tu kwa wote watatu, hukata jina bila kuuliza.

Serikalini hakuna nafasi ya kujieleza. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira hutaja kiwango cha elimu, na ombi linaambatana na cheti. Miaka miwili ya chuo haihesabiwi kuwa nusu ya shahada. Unaomba kwa cheti cha juu ulichokamilisha. Hapa ndipo aliyepanda ngazi kwa ngazi, astashahada kisha stashahada, anapomzidi aliyeruka kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi shahada. Wakikwama wote wawili mwaka wa pili wa shahada, wa kwanza bado ana stashahada mkononi. Wa pili anarudi kwenye cheti chake cha sekondari.

Ukali kuhusu vyeti tunaukumbuka vizuri. Tarehe 28 Aprili 2017, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kwa hiyo usiandike kwenye wasifu wako "Shahada ya Biashara, 2019–2022" kama uliishia mwaka wa pili. Andika "nilisoma mwaka wa kwanza na wa pili, sikumaliza", kisha ambatisha matokeo ya mihula uliyofaulu. Kutomaliza kunasameheka. Uongo ukigundulika, hata kazi uliyoshapata unaipoteza.

Kwa waajiri binafsi, wenye hardware, hoteli, wakandarasi wa Mtumba kwenye Mji wa Serikali, mlango upo wazi zaidi, lakini wana hofu yao: huyu aliyeacha chuo njiani, si ataniachia na kazi njiani? Niliwahi kukaa kwenye usaili wa mtunza stoo. Waombaji wawili walikuwa na shahada. Wa tatu, kijana mtulivu, aliulizwa kwa nini hakumaliza. Akajibu: "Nilifeli hesabu, nikarudia, nikafeli tena, nikaondolewa. Tangu hapo nauza saruji Nzuguni." Akatoa daftari. Kila mfuko ulioingia na kutoka kwa miezi kumi na minne ulikuwa umeandikwa, hata ile iliyoganda kwa unyevu. Mwenye duka alilisoma kwa muda mrefu kuliko alivyosoma vyeti vya wale wawili, na kazi akampa yeye. Nadhani kilichomshawishi zaidi ni ile mifuko iliyoganda, kwa sababu wengi wangeificha.

Kwa mwenye ufundi wa mikono, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ukapata cheti bila kuanza darasani upya.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau hadi mshahara wa kwanza. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anadaiwa hata kama hakumaliza, na mwajiri wake anatakiwa kumkata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Mwambie afisa utumishi siku ya kusaini mkataba, ili makato yaanze mapema.