fflush(stdin) haisafishi kibodi

Kwenye makundi ya wanaojifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kuna ujumbe usiochoka kuzunguka: “Scanf ikiruka swali, weka fflush(stdin) kabla yake, kibodi itasafika.” Si kweli. (Scanf ni amri ya kusoma anachoandika mtumiaji; stdin ni mkondo wa data inayoingia, kwa kawaida kutoka kibodini.) Naomba tuache kuusambaza, maana anayeanza huuamini, kisha hukesha akitafuta kosa mahali pasipo na kosa.

Kiwango rasmi cha lugha ya C kinaieleza fflush kwa upande wa kutoa data: inasukuma nje kilichokuwa kikisubiri kuandikwa. Kwa stdin hakiahidi chochote. Mkanganyiko una chanzo chake. Kompaila (programu za kugeuza msimbo uweze kuendeshwa) za zamani za Microsoft kweli zilifuta mabaki ya kilichoandikwa, na wengi walijifunzia huko. Tangu Visual Studio 2015, zana ya Microsoft ya kuandikia programu, hata huko fflush(stdin) haifanyi kitu.

Kinachotokea ni hiki. Programu inasoma umri kwa scanf("%d", &umri); mtumiaji anaandika 25 na kubonyeza Enter. Namba inachukuliwa, alama ya mstari mpya inabaki. Kisha scanf("%c", &jibu) inaiokota alama hiyo hiyo na kuendelea, kana kwamba umeshajibu. Hakikisha mwenyewe: chapisha jibu kwa %d, utaona 10, namba ya alama hiyo.

Dawa ya haraka ni kuacha nafasi moja kabla ya alama ya asilimia: " %c". Mimi napendelea kusoma mstari mzima kwa fgets, kisha kutoa namba kwenye mstari huo kwa sscanf na kuangalia kama imerudisha 1, yaani imepata namba moja. Mtu akiandika “ishirini”, itarudisha 0, nawe utamuuliza tena.