Hapana, siuzi: krosi stichi watu wanavyoiona na sisi tunachokipata

Ukikaa unashona krosi stichi mbele za watu hapa Dar, iwe kwenye foleni ya hospitali au kwenye boti ya kwenda Unguja, swali la kwanza ni "unauza bei gani?" na la pili ni "kwani mashine haiwezi kufanya hiyo?". Nafundisha kudarizi miaka sasa, na haya maswali nimeulizwa na wazee, vijana, wenye hela na wasio nazo, wote wakiuliza kwa nia njema kabisa. Leo nataka niyajibu kwa kirefu kwa sababu yanaonyesha mtu wa nje anaona nini akiiangalia hii kazi, na anachokiona ni tofauti sana na kile anachokipata mwenye sindano mkononi.

Kwa ambao hawajawahi kuishika, krosi stichi inashonwa kwenye kitambaa kinaitwa Aida, kimefumwa kwa viboksi viboksi na kila kiboksi kina tundu kwenye kona zake nne. Uzi unatokea tundu la chini kushoto unaingia la juu kulia, huo ni mshazari wa kwanza, alafu unapiga wa pili unaoukata ule, tayari una msalaba. Basi, ndo hivyo tu. Picha yote unayoiona, iwe maua, jahazi, au sura ya mtu, ni misalaba imepangwa kufuata chati, na chati yenyewe ni karatasi ya viboksi yenye alama ya rangi kwenye kila kiboksi.

Sasa tuje kwenye bei. Chukua chati ya viboksi 200 kwa 200, ambayo kwa watu wetu ni ya kati tu, kwenye Aida ya 14 (viboksi 14 kwa inchi) inatoka picha ya kama sentimita 36 kila upande. Hapo ndani kuna misalaba 40,000, na kila msalaba sindano inapita kwenye kitambaa mara nne, kwa hiyo mara 160,000. Tuseme una mkono mwepesi wa kupiga misalaba 150 kwa saa bila kufumua kitu, hayo ni masaa zaidi ya 260, na ukishona masaa mawili kila usiku baada ya kazi na watoto kulala ni miezi minne na kitu. Ukijilipa elfu mbili kwa saa tu umeshavuka laki tano na hujanunua uzi, kitambaa wala fremu ya kioo. Nani atanunua picha ya maua kwa bei hiyo wakati za kuprinti zimejaa madukani? Kwa hiyo tukisema hatuuzi sio kwamba tunaringa, ni hesabu haikubali.

Wapo wanaoshona kwa mkono na kuuza, na nawaheshimu sana. Kofia za mkono za Zanzibar na Lamu, zile zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, ni kazi ya miezi, na mnunuzi anajua anacholipia, anajua kofia ya mkono ikoje na ya mashine ikoje, na ng'ambo kule Oman pia kofia ya mkono ina wenyewe. Ile ni biashara yenye soko lake na wajuzi wake wa kukagua. Krosi stichi ya nyumbani haina soko hilo na kwa maoni yangu haihitaji kuwa nalo.

Na mashine inaweza, tena inaweza vizuri sana. Ila mashine inakupa kitambaa, mimi niliyataka yale masaa.

Kuna kundi lingine hawaulizi bei, wanakwambia "hayo si mambo ya bibi hayo". Hawa nawaelewa, maana sisi wengi tumekulia nyumba zenye mashuka ya kudarizi na foronya zimeandikwa Usiku Mwema na Lala Salama, vitambaa juu ya makochi, kingine juu ya redio, na shuleni kwenye sayansi kimu kudarizi kulifundishwa kama sehemu ya kumuandaa msichana kuwa mke. Kwa hiyo mtu akiona fremu ya duara na sindano anaona utii, anaona binti kakaa kimya pembeni anasubiri kuolewa. Ulaya ilikuwa hivyo hivyo, wasichana walifundishwa herufi na namba kwenye kitambaa cha mazoezi ili baadaye waweze kuweka alama kwenye mashuka ya nyumba. Kati ya vitambaa vya mazoezi vya Uingereza vyenye tarehe, cha zamani kuliko vyote vinavyojulikana kimeandikwa jina la Jane Bostocke na mwaka 1598, kipo makumbusho ya Victoria and Albert kule London.

Lakini angalia watu walikifanyia nini hicho hicho kitambaa cha utii. Kwenye makumbusho hayo hayo kuna kitambaa cha Elizabeth Parker, binti wa Sussex, cha miaka ya 1830 hivi. Hakina ua, hakina nyumba, hakina mpaka wa kupendeza, ni maneno matupu kwa uzi mwekundu wa hariri, mstari chini ya mstari, msalaba kwa msalaba. Anaeleza alivyotumikishwa kwenye nyumba za watu, alivyotendewa ukatili na bwana aliyemuajiri, alivyofikia kutaka kujitoa uhai na alivyokuwa anamuomba Mungu amsamehe, na anaanza kwa kusema kwamba hawezi kuandika. Maneno yanakatika katikati ya mstari, sehemu iliyobaki ya kitambaa ni nyeupe. Kila darasa langu jipya nawaonyesha picha yake na kila mara darasa linanyamaza, kwa sababu mtu aliyewahi kushona herufi moja anajua herufi moja inachukua muda gani, sasa fikiria ukurasa mzima wa maumivu umeupiga kwa mwendo huo.

Na wanaosema ni ya wanawake, kuna Meja Alexis Casdagli, afisa wa jeshi la Uingereza aliyetekwa na Wajerumani vita vya pili vya dunia. Desemba 1941 akiwa mfungwa kambi ya Warburg alishona kitambaa chenye jina lake, sehemu alipo, na mapambo ikiwemo alama ya Wanazi yenyewe. Walinzi wakakipenda, wakakitoa kwenda kuonyeshwa kwenye kambi zao nyingine. Kumbe pembeni kule kwenye mpaka, vile vinukta na vistari walivyoona ni urembo vilikuwa ni alama za Morse, ile njia ya kutuma ujumbe ambayo kila herufi ina nukta na vistari vyake, mstari mmoja unasema Mungu Mlinde Mfalme, mwingine ni tusi zito kwa Hitler. Kilipita mbele ya macho yao na hakuna aliyejisumbua kukisoma, kwa sababu kwao kilikuwa ni kidarizi tu, kitu kisicho na madhara.

Wapalestina nao krosi stichi kwao haijawahi kuwa kitu kidogo. Tatreez, darizi ya magauni yao, sehemu kubwa ni mshono huu huu wa msalaba, na zamani mtu aliweza kumuangalia mwanamke gauni akajua katoka eneo gani. Wakati wa intifada iliyoanza 1987, yale maandamano yao ya kupinga utawala wa Israeli, bendera ilipokuwa marufuku, wanawake walishona rangi za bendera na ramani ya nchi kifuani mwa magauni yao wakatoka nayo barabarani, na bendera ya karatasi unaweza kumnyang'anya mtu lakini gauni alilolivaa utafanyaje. UNESCO waliiingiza tatreez kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021.

Lawama inayoniuma zaidi inatoka kwa wasanii wenzetu, wanasema nyie mnanakili tu, chati kachora mwingine nyie mnajaza viboksi. Ni kweli chati nyingi tunanunua au tunapakua. Ila hivi mwimbaji wa kwaya akiimba wimbo ambao hakuutunga kuna mtu anamwambia huyo hajaimba? Watu wawili wakishona chati moja zinatoka kazi mbili, kwa sababu kuna mkono unaovuta uzi kwa nguvu na kuna mkono mlegevu, kuna anayeona lile jani limepauka akabadilisha kijani, na kuna anayeacha mawingu yote kwa sababu anataka anga tupu. Na ukishakaa kwenye chati za watu kwa muda unaanza kuzichora zako, hakuna wa kukufundisha, jicho lenyewe linazoea kuona vitu kwa viboksi, unapanda daladala unaangalia kanga ya mtu mbele yako unahesabu ule mpaka utaingia misalaba mingapi.

Haya sasa utamu wenyewe uko wapi.

Uko kwenye kuhesabu. Najua kwa mtu wa nje hapo ndipo panapoonekana pachovu kuliko pote lakini ndipo penyewe. Ukihesabu saba kulia, tatu chini, rangi inabadilika, mbili, akili haina nafasi ya kufikiria kodi ya nyumba wala bosi alivyokujibu asubuhi, maana ukiwaza hayo utakosea hesabu na chati haikubembelezi, ukikosea kiboksi kimoja leo utakuja kugundua wiki ijayo maua mawili hayakutani. Lakini sio ngumu ya kuchosha pia, mkono unaujua mshono, kwa hiyo uko katikati, umeshughulishwa lakini hujazidiwa. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alitumia miaka mingi kuchunguza hali hii ya mtu kuzama kwenye kazi mpaka anasahau saa, na alisema inakuja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtu, na pale unapoona hapo hapo kama umepatia au umekosea. Krosi stichi ina vyote viwili kwenye kila msalaba. Wanafunzi wangu wengi wanaonigangamalia mwanzoni eti hawana subira, baada ya muda ndo hao hao wanakwambia jana nimekuja kushtuka ni saa saba usiku.

Alafu kuna rangi. Kampuni ya DMC ya Mulhouse, Ufaransa, ipo tangu 1746, na nyuzi zake za kudarizi zina rangi kama 500 kila moja na namba yake. 310 ni nyeusi, mshonaji yeyote duniani ukimwambia 310 anajua. Hizi namba ndo zinafanya mtu wa Brazil achore chati na mimi niishone Mbagala ikatoka na bluu ile ile aliyoikusudia. Kwa karibu unaona vipande vya rangi visivyoeleweka, zambarau kwenye shavu la mtu, kijani kwenye kivuli cha pua, unajiuliza huyu aliyechora alikuwa mzima kweli, alafu unaiegemeza ukutani unarudi nyuma hatua kadhaa na sura inakuangalia. Nimeona hilo likitokea mara nyingi na bado kila mara moyo unaruka, kwa kweli ningependa kila mtu alipate hata mara moja.

Na kuna kitu cha kuona kazi ikibaki. Ukipika chakula kinaliwa, ukifagia jioni pamechafuka, ofisini unatuma barua pepe zinapotea huko. Misalaba ishirini uliyopiga jana usiku ukiwa umechoka ipo, kesho ipo, na hakuna mtu atakayeifumua isipokuwa wewe. Mama mmoja darasani, mwenye mgonjwa wa muda mrefu nyumbani, alisema hiki ndicho kitu pekee kwenye siku yake kinachoongezeka, na sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri kuliko hivyo.

Kidogo kuhusu upande wa nyuma wa kitambaa, maana sisi washonaji wenyewe kwa wenyewe tunagombana sana hapa. Kuna walimu wanakugeuzia kazi wakiona nyuzi zinapishana wanakukatisha tamaa. Mimi msimamo wangu, kama haitaonekana mbele na haitafumuka ikifuliwa, iache. Nimeshapoteza wanafunzi wazuri walioambiwa kwingine kwamba nyuma yao ni uchafu.

Anayetaka kuanza asinunue vitu vingi. Kipande cha Aida ya 14, sindano butu namba 24 na fremu ndogo ya duara. Uzi wa kudarizi Kariakoo upo, mwingi hauna namba za chati lakini kwa kujifunzia unatosha kabisa, linganisha rangi kwa macho mchana kweupe na sio usiku chini ya taa. Uzi huo una nyuzi sita ndani yake, toa mbili tu ndo unashonea, na zichomoe moja moja la sivyo zinajifunga. Kunja kitambaa mara mbili upate katikati, chati nayo ina mishale ya kuonyesha katikati yake, anzia hapo ili picha isije ikakuishia pembeni kitambaa kimekwisha. Mshazari wa juu uelekee upande mmoja kazi nzima, ukichanganya mwanga unapiga vibaya na picha inaonekana ina mabaka. Na fundo msifunge, linatuna mbele, acha mkia wa sentimita tatu hivi kwa nyuma misalaba ya kwanza iukanyage.