Je, wajua nani hulipia njia za pikipiki za theluji?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba klabu za pikipiki za theluji (snowmobile, chombo cha injini kinachoteleza juu ya theluji) zinazotunza njia kule Wisconsin, Marekani, hujiendesha kwa harambee: wanachama wanachanga, mwenye trekta analileta, na klabu yenye matajiri ndiyo yenye njia nzuri. Nilikosea karibu kila kitu. Cha kujitolea ni jasho tu. Ada za uanachama haziwezi kutunza mtandao wa maili kama 25,000, na mgao wa fedha za kutunza njia haujali klabu ina watu wangapi. Unafuata urefu wa njia zilizoidhinishwa. Klabu ya watu ishirini yenye maili nyingi inaweza kuipita mbali klabu ya watu mia mbili yenye maili chache. Wala mzigo hawatupiwi walipakodi wote. Wanaolipa ni waendeshaji: kwa usajili, kwa stika ya kupita njiani, na kwa petroli.

Kwenye petroli ndipo penye utamu. Chukua kituo cha mafuta kijijini. Wa bodaboda anajaza tangi, kinyozi anajaza dumu la jenereta. Wote wamelipa ushuru wa barabara uliofichwa ndani ya bei, ingawa jenereta haijakanyaga lami tangu izaliwe. Muuzaji hajui dumu linakwenda wapi, na hana haja ya kujua. Basi pikipiki ya theluji ndiyo jenereta ya kinyozi. Badala ya kumhoji kila mnunuzi, sheria ya Wisconsin huhesabu pikipiki zilizosajiliwa siku ya mwisho ya Februari na kuichukulia kila moja kuwa imetumia galoni 50, yaani karibu lita 190. Kwa ushuru wa senti 30.9 kwa galoni, hiyo ni dola 15.45 kwa kila chombo, kisha huongezwa asilimia 40, na jumla yake huenda kwenye njia. Jirani zao wa Minnesota hawahesabu vyombo. Wao hutenga takriban asilimia 1 ya ushuru wa petroli.

Fedha hupitia kaunti, ambazo ndizo huingia mkataba na klabu. Kuna kiwango cha msingi kwa kila maili. Gharama zikikizidi sana, klabu huomba nyongeza kwa kuonyesha saa ambazo trekta la kusawazisha theluji lilifanya kazi, siku hizi kwa GPS.

Hizo galoni 50, lakini, ni makisio ya kisheria, hazikupimwa kwenye tangi la mtu. Theluji ikigoma msimu mzima na pikipiki ikashinda bandani chini ya turubai, kwenye vitabu imekunywa zote.