Tundu kubwa huzibwa upesi kuliko dogo

Chukua usaha wa jipu, uoteshe kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria) iliyochanganywa na damu ya kondoo, uiache usiku kucha kwenye nyuzi 37. Kesho yake utakuta kila kundi la bakteria Staphylococcus aureus limezungukwa na duara angavu, wekundu wa damu umepotea. Wanafunzi wakija maabara huandika "hemolisisi ya beta", yaani chembe nyekundu zimeharibiwa kabisa, na kuchukua sahani nyingine. Huwa nawasimamisha hapo: hizo chembe nyekundu zimekwenda wapi?

Zimepasuka, na mojawapo ya sumu zilizozipasua ni alfatoksini. Bakteria huitoa ikiwa protini moja moja, kila moja ina asidi amino 293 na inayeyuka kwenye maji bila shida. Ikikutana na seli, hunasa kwenye protini ya utando wa seli iitwayo ADAM10. Saba hujikusanya kuwa duara, kisha kila moja hushusha nyuzi mbili ndani ya mafuta ya utando, na nyuzi hizo 14 ndizo zinazofanya mrija. Umbo lake lilipochapishwa mwaka 1996 lilionekana kama uyoga wenye urefu wa nanomita 10, na mrija wenye upana wa kama nanomita 1.5 pale palipobana zaidi. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba kazi yote hii haihitaji hata molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Upande wa nje wa mrija unapatana na mafuta, upande wa ndani unapatana na maji, kwa hiyo ukishasimama hauna sababu ya kubomoka.

Tundu hilo ni dogo mno kupitisha himoglobini. Basi damu inamwagikaje? Katika seli za binadamu potasiamu ya ndani ni kama milimoli 140 kwa lita, ya nje ni kama 4. Tundu likifunguka, potasiamu inatoka, sodiamu inaingia, na himoglobini iliyobaki ndani inavuta maji. Seli inavimba hadi inapasuka, na himoglobini humwagika kupitia mpasuko huo. (Kama maabara yenu hutengeneza sahani kwa damu ya binadamu iliyopita muda wake, msishangae duara likiwa hafifu. Chembe zetu huhimili alfatoksini zaidi ya mara 100 kuliko za sungura.)

Seli zenye kiini hazipasuki kirahisi hivyo. Potasiamu ikipungua ndani, mfumo wa tahadhari uitwao NLRP3 unaamka na seli hutoa interlukini-1 beta, inayoleta homa na kuita chembe nyeupe. Sehemu ya joto na usaha wa lile jipu imetoka hapo.

Sasa tazama streptolisini O, sumu ya streptokoki wa kundi A, ileile ambayo kingamwili zake hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho ASOT tukimshuku mtoto kuwa na homa ya baridi yabisi. Hii hushika kolesteroli kwenye utando, hujikusanya molekuli 30 hadi 50, na tundu lake hufikia upana wa nanomita 25 au 30. Ungedhani seli haiponi. Lakini tundu pana hivyo huruhusu kalsiamu kumiminika ndani, na kwa seli kalsiamu nyingi maana yake ni jeraha. Kipande cha utando chenye tundu hubanwa, hukatwa na kutupwa nje kikiwa kifuko. Matundu yakiwa machache, utando huziba ndani ya dakika. Matundu membamba kama ya alfatoksini hayapigi kengele hiyo kwa nguvu, na seli inaweza kuhangaika nayo kwa saa kadhaa.

Ndugu yake ni nyumolisini, ya bakteria wa nimonia, Streptococcus pneumoniae. Huyu hana njia ya kawaida ya kuitoa sumu yake. Nyingi hutoka bakteria mwenyewe akipasuka, na penisilini humuua kwa kumpasua. Sisemi penisilini iachwe, hata kidogo, mgonjwa anaihitaji. Ila kwenye maambukizi makali ya streptokoki wa kundi A, yale yanayooza nyama haraka, madaktari huongeza klindamaisini juu ya penisilini, kwa sababu dawa hiyo husimamisha ribosomu, mitambo ya bakteria ya kutengeneza protini. Bakteria anaweza kuwa bado hai, lakini hatengenezi tena sumu.