Kuangalia Ndege Mtaani: Yanayopaswa Kuandikwa na Yasiyopaswa Kuguswa

Siku ya Ndege Wanaohama Duniani huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba. Kila ile ya Oktoba inapokaribia, ofisi yetu hapa Mombasa hupokea orodha za ndege kutoka kwa wakazi wa Kisauni, Likoni, Changamwe na kwingineko, nasi tunawashukuru wote wanaojitolea. Hata hivyo, nyingi ya orodha hizo zina upungufu mmoja: mwandishi amemwandika keremkerem kwa kuwa ana rangi za kuvutia, akawaacha shomoro, njiwa na kunguru waliokuwa kwenye waya uleule.

Orodha isiyo na shomoro haimwambii mtafiti kama shomoro hakuwapo au alidharauliwa. Ndege wa kawaida ndio wanaotuonyesha mtaa unavyobadilika. Mnana hufuma kiota chake kwenye minazi, na teleka hutegemea mnazi zaidi yake, kwani hugandisha manyoya kwa mate chini ya ukuti unaoning'inia, kisha hugandisha na mayai papo hapo ili upepo usiyaangushe. Minazi mitatu ikikatwa kupisha jengo la ghorofa, teleka wa uwanja huo huondoka, na atakayeweza kulithibitisha jambo hilo ni yule tu aliyekuwa akiwaandika walipokuwa wengi.

Kumbukumbu hizi huingizwa katika mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013, kwa kutumia programu ya simu iitwayo BirdLasser. Nchi imegawanywa katika miraba inayoitwa pentadi, ambayo kila upande wake ni dakika tano za latitudo au longitudo, yaani takriban kilomita tisa. Ili orodha ihesabiwe kuwa kamili, mwangalizi anatakiwa kutumia muda usiopungua saa mbili ndani ya pentadi moja, akijitahidi kufika katika kila aina ya mazingira yaliyomo, na kuandika kila aina ya ndege kwa mfuatano aliomwona au kumsikia. Baada ya saa hizo anaweza kuendelea kuongeza aina mpya hadi siku ya tano. Siku ya sita inahitaji orodha mpya. Ndege aliyesikika bila kuonekana huandikwa, mradi sauti yake inajulikana kwa hakika. Ndege aliyeonekana ng'ambo ya mpaka wa pentadi haandikwi, hata kama ni nadra na hata kama mwangalizi anasikitika. Asiye na saa mbili anaweza kutuma orodha ya muda mfupi, ambayo pia ina matumizi yake. Darubini si sharti. Aliye nayo asiielekeze kwenye madirisha ya majirani, wala asiitoe karibu na kambi ya jeshi au bandari kabla ya kuomba ruhusa.

Suala la pili ni makinda. Hivi karibuni tuliletewa kinda wa shore ndani ya boksi la viatu, amelazwa juu ya pamba, kidomo kimeganda ugali uliolowekwa maziwa. Ndege hana uwezo wa kumeng'enya maziwa. Zaidi ya hayo, kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini hajaachwa na mtu wala mnyama. Ametoka kiotani kabla ya kujua kuruka vizuri, na wazazi wake humlisha hapohapo chini endapo watu watasogea mbali. Paka wafungiwe ndani, kinda aachwe.

Kumfuga ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inahesabu kuwa nyara mnyamapori aliye hai au aliyekufa, pamoja na yai na unyoya wake. Kwa mujibu wa kifungu cha 95, anayepatikana na nyara bila kibali hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni moja, au hufungwa kwa muda usiopungua miaka mitano, au hupewa adhabu zote mbili. Kwa viumbe walio hatarini kutoweka hutumika kifungu cha 92, ambacho ni kikali zaidi. Maelezo kwamba "ni kadogo tu, kamenunuliwa kwa rafiki" si kibali.

Kuhusu kunguru wa India, anayeitwa pia kurabu, tangazo la Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) la mwaka 2024 la kuwapunguza kwa milioni moja limeeleweka vibaya. Ni kweli kwamba ndege huyu ni mgeni, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, na kwamba hula mayai na makinda ya ndege wengine. Lakini tangazo lile halikumruhusu mwananchi kutega sumu uani. Sumu inayotumika katika zoezi hilo inahitaji kibali, na sumu ya panya iliyotiwa kwenye nyama haichagui: humuua mwewe, paka, na kunguru wa asili mwenye kifua cheupe, ambaye hana kosa lolote. Kurabu ana shingo ya kijivu. Tofauti hiyo haihitaji darubini.

Na bundi haleti msiba. Tumelisema jambo hili kwa miaka mingi na bado tunaombwa tuje kumwondoa darini. Anayetaka kujua bundi mwenye uso mweupe huleta nini nyumbani, na aokote vidonge vyeusi anavyovitapika chini ya kiota chake, avitie majini na kuvipasua kwa kijiti: atakuta manyoya, mbavu na mafuvu ya panya.

Kwa msimu huu tunaomba hasa kumbukumbu za mbayuwayu wanaotoka Ulaya, ambao hutufikia Septemba na Oktoba wakiwa na uzito wa takriban gramu 20. Tarehe ya kumwona wa kwanza huandikwa na wengi. Tunayoikosa ni ya wa mwisho, mwezi Machi au Aprili, kwa sababu siku hiyo ikifika hakuna ajuaye kwamba ndiyo ya mwisho; kwa hiyo, kuanzia Machi, mbayuwayu aandikwe kila siku anapoonekana.