Nguzo Kwanza, Dishi Baadaye

Dishi la sentimita 90 linapopokea mawimbi ya bendi ya Ku (masafa yanayotumiwa sana na televisheni za setilaiti) huona kipande cha anga chenye upana wa nyuzi 2 hivi, basi. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukikosea uelekeo kwa nyuzi 1, umepoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi, na nyuzi 1 kwenye dishi hilo ni ukingo wa juu kusogea milimita 16 kuliko ule wa chini. Ndiyo maana kazi kubwa ya fundi iko ardhini, kwenye nguzo.

Kabla ya kuchimba, tafuta mwinuko wa setilaiti unayoitaka kwa eneo lako, yaani pembe yake kutoka usawa wa ardhi kwenda juu. Programu za simu huutoa bila shida. Mwinuko ukiwa nyuzi 45, kizuizi chochote upande huo kisizidi kimo cha dishi kwa urefu unaozidi umbali wake. Ukiwa nyuzi 60, mti unaolizidi dishi kwa mita 10 unatakiwa uwe mbali walau mita 6. Mti mchanga uhesabie kimo utakachofikia, si cha leo.

Kwa nguzo natumia bomba la chuma lililopakwa zinki, la inchi 2 (kipenyo cha nje milimita 60), unene wa milimita 3, urefu wa mita 2.1. Pima kwanza kishikio cha dishi: vingine havipokei bomba nene hivyo, na hapo utashuka hadi inchi 1½, ila nguzo uifupishe. Karibu na mwisho wa chini toboa tundu, upitishe kipande cha nondo cha sentimita 25. Wengi huliruka hili. Upepo mkali hauangushi nguzo tu, huizungusha pia ndani ya zege kama ufunguo kwenye kitasa, na bomba la duara halina kitu cha kuishika.

Shimo liwe la sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 70. Mwaga kokoto sentimita 10 chini, simamisha bomba juu yake ili maji yatakayoingia yapate pa kutokea. Zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) litameza kama theluthi mbili ya mfuko wa kilo 50. Usilifanye uji, zege lenye maji mengi hukauka likiwa dhaifu. Shindilia kwa fimbo kutoa hewa na umalize juu kwa mteremko mdogo unaotupa maji mbali na bomba.

Sasa pimamaji. Iweke upande mmoja wa bomba, kisha ihamishe robo ya mzunguko. Ukipima upande wa mbele na wa nyuma umepima kitu kilekile mara mbili. Funga nguzo kwa kamba tatu kwenye vigingi, rudia kupima baada ya nusu saa kwa sababu zege bichi huisogeza, kisha iache siku 3 kabla ya kupandisha dishi. Nguzo iliyoinama inaweza kupata picha, sikatai. Lakini kila ukizungusha dishi kushoto au kulia mwinuko nao unabadilika, na namba zilizochorwa kwenye kishikio zinakuwa za uongo. Utahangaika saa nzima kwa kazi ya dakika 10.

Dishi likishapanda, weka mwinuko kwa namba za kishikio, si kwa macho. Madishi mengi ya nyumbani yana LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) iliyokaa chini ya katikati, kwa hiyo huonekana yakitazama ukuta kumbe yanatazama juu. Dira isome ukiwa mita kadhaa mbali na nguzo, maana chuma huivuta sindano, na usisahau tofauti kati ya kaskazini ya dira na ile ya kweli. Zungusha dishi polepole, kidole kwa kidole, ukisubiri sekunde chache kila hatua, kwa kuwa king'amuzi huchelewa kujibu. Fuata namba ya ubora wa mawimbi inayoonyeshwa na king'amuzi, si ya nguvu: nguvu hupanda hata kwa setilaiti ya jirani. Ukipata ubora, sogeza kushoto hadi uanze kushuka, weka alama; fanya hivyo kulia; kaa katikati. Rudia kwa mwinuko, kisha zungusha LNB kidogokidogo kwenye kishikio chake. Bolti kaza kwa zamu, robo mzunguko kila moja, jicho likiwa kwenye namba, maana bolti moja ikikazwa peke yake hulivuta dishi.

Kebo iwe RG-6 ya omu 75. Zima king'amuzi ukutani kabla ya kugusa konekta: kebo hiyo hupeleka volti 13 au 18 kwa LNB, na unywele mmoja wa waya wa wavu ukigusa waya wa kati ni shoti. Kwenye LNB acha kebo ining'inie kidogo kama bembea ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi kwenye konekta, kisha zungushia utepe wa mpira. Kutu ndani ya konekta ina dalili yake: kwa LNB za kawaida volti 13 huchagua mawimbi ya wima na 18 ya mlalo, hivyo volti zikipungua njiani, chaneli za mlalo hupotea huku nyingine zikiendelea kama kawaida. Ukiona hivyo usiguse dishi. Kata sentimita 10 za kebo, weka konekta mpya.

Mwisho unganisha nguzo na mfumo wa ethi wa nyumba kwa waya mnene wa shaba, na uzibe tundu la juu la bomba. Nyigu hupapenda sana.