Msamba ninao, nguvu sina

Maumivu yalinianzia kwenye siti ya daladala. Kila tulipopita tuta, chini ya tako la kushoto, pale penye mfupa tunaoukalia, nilihisi kama nimekalia kokoto. Wakati huo nilikuwa nimefundisha yoga miaka saba na msamba naupiga bila kupasha mwili moto. Kwa hiyo nikajitibu kwa dawa niliyowapa wanafunzi wangu: kujinyoosha zaidi. Kila alfajiri miguu mbele, kifua juu ya magoti, viganja vimeshika nyayo. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nasikiliza kikao cha harusi nikiwa nimesimama ukutani, watu wakidhani naondoka kabla ya michango.

Mtaalamu wa fiziotherapia hakushangaa hata kidogo. Kano ya misuli ya nyuma ya paja, pale inapojishikiza kwenye mfupa, ilikuwa imechoka. Kila nilipoinama, kano ilivutwa na papo hapo ikagandamizwa kwenye mfupa huo huo. Alinikataza kuinama na kunipa kazi ya kuchosha: kulala chali, visigino juu ya kiti, kuinua kiuno na kukishikilia, baadaye na uzito. Kano hujengeka taratibu mno. Yangu ilichukua karibu mwaka mzima, na katika mwaka huo nikaanza kusoma upya kazi niliyodhani naijua.

Jipime nikuoneshe nilichojifunza. Lala chali, vuta goti la kulia kifuani kwa mikono miwili mpaka liishie. Sasa achia mikono, goti libaki pale pale. Limeshuka kiasi gani? Umbali huo ndio ninaoufanyia kazi siku hizi. Mteja wangu mmoja, mhasibu, mama wa miaka arobaini na kitu, paja lilimshuka karibu nusu ya njia, na alipolilazimisha libaki juu akaruka: "Mwalimu, msuli umenikaza!"

Goti linapovutwa kwa mikono, nyonga inapelekwa. Linapobaki juu lenyewe, nyonga imejipeleka. Yoga niliyoifundisha ilikuza sana ule mwendo wa kupelekwa: ardhi inakusukuma, mkanda unakuvuta, uzito wako unakushusha. Na sehemu kubwa ya "kulainika" huko si misuli kurefuka, ni mishipa ya fahamu kuzoea kuvutwa bila kupiga kelele. Ukiteleza kwenye ngazi yenye maji, mguu ukaenda mbali, hakuna mkanda wala mwalimu. Kiungo kinafika mahali ambako hakina nguvu ya kurudi.

Tena kuna watu walioumbwa na viungo legevu, kidole gumba kinalala mpaka kwenye mkono, kiwiko kinapinda kinyume. Hao huipenda yoga kwa sababu wanasifiwa siku ya kwanza. Je, ndio wanaohitaji kunyooshwa kuliko wote? Kwa maoni yangu, ndio wa mwisho.

Mkao wa lotasi nao una lake. Goti ni bawaba, linajizungusha kidogo tu. Nyonga ndiyo tufe ndani ya kikombe. Nyonga ikigoma kuzunguka na wewe ukang'ang'ania kupandisha unyayo juu ya paja, deni linalipwa na goti. Tukumbuke pia kwamba mifululizo mingi ya mikao ya leo ilichongwa Mysore, India, miaka ya 1930, mwalimu wa yoga Krishnamacharya akifundisha wavulana. Mhasibu wangu si mvulana.

Siku hizi na wateja tunaanza na mizunguko ya nyonga, niliyoijua kupitia mfumo wa mazoezi wa Andreo Spina wa Kanada. Shika fremu ya mlango, inua goti, lifungue upande, geuza paja mpaka unyayo unyanyuke kwa nyuma, shusha. Polepole, mzunguko mmoja uchukue nusu dakika, na kiuno kisicheze, hii si taarabu. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute wa kiungo, likibanwa na kuachiwa kama sifongo. Ndiyo maana nataka mizunguko hii kila siku, hata mitatu tu.

Halafu ile ya jasho. Kaa mkekani, mguu mmoja umekunjwa mbele yako kwa pembe mraba, mwingine umekunjwa vivyo hivyo ubavuni, unyayo ukiwa nyuma. Tulia dakika mbili. Kandamiza unyayo wa nyuma sakafuni, ongeza nguvu taratibu, sekunde kumi. Bila kupumzika, jaribu kuuinua, goti likibaki chini. Wengi hawasogei hata unywele, na wanacheka. Msuli kuwaka ni sawa. Ukihisi kubanwa kwa ndani kwenye kinena, toka hapo, punguza pembe.

Yoga sijaiacha. Pumzi zake bado nazifundisha, na Jumamosi bado natandika mkeka. Msamba ndio nimeuweka kando.

Mhasibu amefika wiki ya kumi na moja. Juzi unyayo wake wa nyuma ulinyanyuka upana wa vidole viwili, akaushikilia nikihesabu mpaka tatu, akaomba tupige picha. Nikamwambia arudie, mguu wa kushoto bado.